Nilivyokwenda Mbesa Kusamehe

Mmeniuliza kisimani, mmeniuliza sokoni kwenye marundo ya mitumba, na Jumapili moja mmeniuliza hata kwenye mstari wa komunio. "Skola, Mbesa kulikuwaje?" Nikawajibu kwa mkato, mkanuna. Sasa nimekaa chini na daftari la shule, nawaandikia jumuiya nzima kwa mara moja. Mmoja asome kwa sauti, wengine mkae kimya kama mnaweza.

Mnakumbuka ilivyoanza. Kwaresima hii Paroko alituletea mafunzo ya uanafunzi. Alisema mwanafunzi wa Kristo hufanywa upya moyoni, si kwenye vitambaa vya sare. Tukaitikia vizuri, tukatoka hapo tukaenda kushona vitambaa vipya. Ilipofika kazi ya kila mmoja kwenda kupatana na mtu aliyekosana naye, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mama Haule alipatana na jirani yake juu ya kuku aliyeliwa mwaka juzi. Mama Nyoni alimwomba radhi shemeji yake ambaye ni kiziwi, naye akajibu kwamba bei ya mbolea imepanda. Mkarudi kanisani nyuso zinang'aa. Mimi nilikuwa nimejichagulia fundi cherehani wa pale stendi, ugomvi wa vifungo viwili. Paroko akanitazama, akasema, "Skolastika, wewe una mdogo wako Tunduru."

Mdogo wangu Efrosina mnamjua. Ndiye aliyeolewa na Myao miaka tisa iliyopita, akasilimu, na ndiye ambaye mama yetu alipofariki hakuonekana kuzika. Mlikuwepo msibani. Mlimsema, nami nililia, mkanishika mabega. Wiki ileile ya mafunzo ikaletwa habari na mtu wa lori: Efrosina ana uvimbe shingoni, amelazwa hospitali ya misheni Mbesa, atapasuliwa Alhamisi, na anamwomba dada yake afike kabla ya kisu. Paroko akaongeza kwamba Jumapili ya Matawi atatangazwa mwenyekiti mpya wa akina mama, na asingependa awe mtu asiyesemezana na ndugu yake wa tumbo moja. Mnajua jinsi nilivyokitaka kiti kile. Nikafunga kikapu.

Nilikwenda kumsamehe. Nataka mlielewe neno hilo kama nilivyolielewa mwenyewe siku ile: mkosaji ni yeye, msamaha ni wangu, nami naupeleka mpaka mlangoni kwake.

Songea hadi Namtumbo

Tuliambiwa saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu, tukaondoka saa nne, kwa sababu lori lilikuwa likisubiri magunia ya sukari ya tajiri mmoja. Miaka ile ya foleni sukari haikuwapo. Siku hizi za ruksa sukari ipo, ila sisi ndio tunaikalia. Nilipandishwa juu ya magunia, katikati ya watu wawili, mhubiri upande huu na bibi wa Kiyao upande ule.

Mhubiri alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amevaa suti ya mitumba rangi ya maziwa ambayo mikono yake ilimfunika vidole. Alibeba kipaza sauti cha betri. Lori halijavuka hata nyumba za mwisho za mji, akakiwasha. Akatuambia uanafunzi una hatua saba, naye amezimaliza zote kwenye semina ya siku tatu, na cheti anacho. Akakitoa kikiwa ndani ya nailoni, kikazungushwa juu ya magunia tukione.

"Hatua ya kwanza," alinguruma, "ni nafsi kufa!"

"Basi ife kidogo tupumzike masikio," nikamwambia. Waliokaa nyuma wakacheka, nami nikafurahi sana, kama ninavyofurahi siku zote nikichekewa.

Yule bibi aliitwa Bi Somoe, mwenyeji wa Tunduru, umri wake kama wa mama zetu. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha akaanza utani papo hapo, maana Myao akimwona Mngoni hawezi kujizuia. "Mbona Mngoni unashika kamba kwa mikono miwili? Babu zenu si walitoka kusini huko mpaka hapa kwa miguu, leo gari linawashinda?"

"Babu zetu walitembea kwa sababu nyinyi mlikuwa mnawakimbia," nikamjibu, "gari lingewafikia wapi huko porini?"

Alicheka mpaka ushungi ukamteleza. Kisha akanitazama vizuri. "Sasa uso huo umeukunja kwa nini?"

"Nimefunga. Ni Kwaresima."

"Nami nimefunga," akasema. "Ni Ramadhani. Mbona wangu haukukunjika?"

Mwaka huu mifungo miwili imegongana, mnajua. Kanisa halikunidai kushinda na njaa siku ya Jumatatu. Nilijidai mwenyewe, kwa kuwa sikupenda Mwislamu anizidi kufunga. Tulipofika Namtumbo lori likasimama saa nzima kuteremsha saruji. Nikazunguka nyuma ya ghala la tumbaku, nikala mayai mawili ya kuchemsha na chapati moja, haraka haraka, kama mwizi. Nikarudi nikiwa nimeukunja uso upya. Bi Somoe akanisogelea sikioni.

"Pangusa kidevu, mtani. Kiini cha yai kimekaa pale."

Hakumwambia mtu mwingine. Nilimchukia kwa jambo hilo kuliko ambavyo ningemchukia angelitangaza kwenye kile kipaza sauti.

Namtumbo hadi Matemanga

Barabara ya Tunduru wakati wa masika si barabara, ni tope lenye jina. Tulipopita Kilimasera lori likazama mpaka kwenye ekseli, na pale tulikaa toka saa nane mchana hadi kesho yake jua lilipokuwa utosini. Dereva akasema watu wote wateremke, wanaume wasukume, wanawake wakate majani ya kutandika chini ya matairi.

Mhubiri alisimama pembeni kwenye nyasi kavu, suti yake akiilinda. "Mimi nitaomba," akasema. Akaomba kwa sauti kubwa, akiamuru tope liachie. Halikuachia. Utingo, mtu mzima mwenye mvi, alimpa panga bila neno, naye akalishika kama aliyepewa nyoka, akalipitisha kwa Bi Somoe. Bibi huyo, na njaa yake, na miaka yake, akapandisha khanga kiunoni akaingia porini kukata matawi.

Mtaniuliza mimi nilifanya nini. Nilikaa juu ya kikapu nikitunga maneno ya kumwambia Efrosina. Yalikuwa maneno mazuri. "Mdogo wangu, ulituacha, ukaacha dini ya baba, ukashindwa hata kumzika mama. Lakini mimi, kwa kuwa ni Mkristo, nakusamehe." Niliyarudia mpaka nikayashika kama sala ya asubuhi. Hilo la "lakini mimi" lilinipendeza kuliko mengine yote.

Jua lilipozama, watu wa nyumba moja kando ya barabara wakatuita. Walikuwa maskini, hata viti vya kutosha hawana. Wakatandika mkeka, wakaleta uji wa mahindi, mihogo ya kuchemsha na kisamvu, na wakataka wasafiri wote wale, aliyefunga na asiyefunga. Bi Somoe aliyekuwa hajatia kitu kinywani toka alfajiri akapewa bakuli la kwanza. Akanipa mimi.

"Anza wewe, unakwenda kwa mgonjwa." Kisha akauliza, "Nduguyo anaitwa nani, nikuulizie? Mbesa nina watu."

"Efrosina."

"Hilo la kwenu. Kwa mumewe wanamwitaje?"

"Silijui," nikasema.

Nilikuwa nalijua. Barua zake mbili zilikuja zimeandikwa kwa nyuma: Zuhura. Ya kwanza niliwashia jiko. Ya pili niliiweka siku moja, kisha nikawashia jiko.

Bi Somoe akapuliza uji wake taratibu. "Mtani, unakwenda kumwona, au unakwenda kuonekana?"

Nikamwambia uji wake unapoa.

Tunduru

Tuliingia Tunduru Jumatano alasiri, tope mpaka kwenye nyusi. Kama hamjafika huko tangu mawe ya vito yaanze kupatikana, msihangaike. Kila barazani kuna mtu amekaa na kijimeza, mizani ndogo na tochi, anamulika kokoto. Wageni wamejaa, Wathai, Wasenegali, Wachaga, na kila mmoja anaapa kwamba jiwe lake ni la kweli. Mkulima wa korosho anakupita na redio mpya begani, hajavaa viatu.

Pale ndipo nilipomwona mhubiri kwa mara ya mwisho. Alikuwa ameinama juu ya kijimeza, tochi ya mtu mwingine jichoni, suti yake safi, anauliza bei. Kipaza sauti kilikuwa chini mchangani. Nikajisemea, hiyo ndiyo hatua ya nane. Sikuwa na wa kumsimulia, nikacheka peke yangu, na kicheko cha peke yako hakinogi.

Bi Somoe alinikaribisha kwake nilale. Nikakataa, nikasema sitaki kumsumbua mwezi wa mfungo. Ukweli ni kwamba sikutaka kula tena bakuli lake. Nikalala gesti, kunguni wakanila mimi.

Mbesa, kwenye benchi

Alhamisi saa tatu asubuhi pikapu ya korosho ikaniteremsha kwenye geti la hospitali. Pazuri pale, miti imepangwa, wagonjwa wametulia, ndugu zao wanapika chini ya kibanda. Nikaenda dirishani. Nesi alikuwa mama wa makamo, mpole, ana miwani.

"Namtafuta Efrosina Komba, wa kupasuliwa shingo leo."

Akapitisha kidole kwenye orodha, kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. "Efrosina hayupo, mama. Pengine ana jina lingine?"

"Jina lake ni moja, alilobatizwa."

"Wa kupasuliwa shingo leo yupo, lakini..."

"Jina lake ni Efrosina," nikamkata, kwa sauti ile mnayoijua.

Nesi akanitazama, hakubishana. Akanionyesha benchi. "Kaa hapa kivulini, mama. Ukikumbuka jingine, niite."

Nikakaa. Nawaambia kweli tupu: nilipata raha. Nilijua nikitamka neno moja tu ataniinukia na kunipeleka. Lakini nilijiambia kwamba kulitamka ni kuibariki ndoa ile, ni kuikana imani, na mwanafunzi wa Kristo haikani imani. Tazameni nilivyoivalisha jeuri yangu joho la shahidi! Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Nikaanza kupanga nitakavyomwambia Paroko: nimesafiri siku nne, nimelala kwenye tope, nimemtafuta, hayupo. Nani angeninyima kiti?

Ile pikapu ikapita ikirudi Tunduru. Nikachukua kikapu changu, nikaweka mguu kwenye bampa. Dereva akauliza kwa wema tu, "Umempata mgonjwa wako, mama?"

"Hayupo," nikasema. "Hataki kuonana na watu."

Lilitoka laini, halikunikwama popote. Ndipo nikashtuka, kwa sababu sikuwa nikilisema kwa mara ya kwanza. Nililisema hivyo hivyo miaka mitatu iliyopita, mbele ya kaburi la mama, mlipokuwa mkiniuliza Efrosina yuko wapi. Sauti ileile, shingo imeinama upande uleule. Safari hii nikaliona jambo lenyewe likifanyika, na anayelifanya ni mimi.

Sitasema niliona nuru. Niliona aibu, na miguu ikaniuma. Nikashusha mguu, nikarudi dirishani.

"Zuhura," nikamwambia nesi. "Anaitwa Zuhura."

"Kimbia," akasema. "Ndiye anayefuata."

Mbesa, wodini

Alikuwa amekonda, uvimbe umemkaa kooni kama embe, na kichwani amefungwa kitambaa cheupe cha hospitali. Chini, kwenye mkeka, ameketi mama mkwe wake, kizee wa Kiyao ambaye wiki mbili zote alilala sakafuni pale akimwosha na kumpepea, naye amefunga. Kizee huyo akainuka, akanivutia kigoda.

"Karibu mwanangu," akasema. "Tulikuwa tunaangalia mlango tu."

Efrosina alinipa shikamoo, kwa sauti nyembamba iliyobanwa. Nilitaka kuanza maneno yangu, akaninyamazisha kwa mkono. "Dada, sina muda. Nataka tutemeane maji, kama alivyokuwa akitufanyia bibi."

Nyinyi wa kwetu mnajua. Ndugu walionuniana hawali sahani moja mpaka kila mmoja aseme lililomo moyoni mwake, atie maji kinywani, ayateme chini mbele ya mwenzake. Ukificha, ukatema maji matupu, aliye mgonjwa kati yenu hapati nafuu. Paroko hajaifundisha hiyo, lakini sijaona mwanamke wa Songea anayeichezea.

Mama mkwe akaleta kopo. Yule nesi wa miwani, aliyenifuata wodini, akaruka. "Hapana! Mgonjwa haruhusiwi kunywa hata tone!"

"Hanywi, mwanangu, anatema," kizee akamwambia. "Hata mimi ningeweza, na saumu yangu isiharibike."

Nesi akatupa dakika tano. Nikasimama wima, nikatoa maneno yangu yote niliyoyatunga juu ya kikapu, kuanzia "ulituacha" hadi "lakini mimi, kwa kuwa ni Mkristo, nakusamehe". Nikanyoosha mkono nipewe kopo. Efrosina hakunipa.

"Hayo ni yangu uliyonisemea," akasema. "Bado yako." Akavuta pumzi. "Dada, mama alikufa lini?"

Nikaurudisha mkono.

"Nauliza kwa sababu sijui. Nilisikia kwa muuza samaki, mahindi yamekwisha kuvunwa. Naye hakujua siku. Nikimwombea mama, sijui niombe tarehe gani."

Jamani. Mdomo wangu huu, ambao nimewashinda nyote nao, ulikauka. Hakukasirika, hakulia, alikuwa akisubiri tarehe tu. Nikaangalia sakafu, nikamtajia siku. Kisha nikamwambia la pili, lile nililokuja nalo toka Songea bila kujua kwamba nimelibeba. Nitawaandikia nanyi, lakini mwisho wa daftari, maana bado linanitoa jasho. Nilipolimaliza akanipa kopo, nikatia maji kinywani, nikayatema.

Efrosina akalipokea kopo. Kisha akasema, "Na mimi nina langu. Nilimwomba Mungu utangulie kufa wewe, nami niambiwe, nisije kuzika." Akatia maji kinywani. Uvimbe ulimzuia kuyatema vizuri, yakammwagikia kifuani, mama mkwe akampangusa.

Wakaja na kitanda cha magurudumu. Nikatembea naye hadi mlangoni.

"Mimi nimeshatema," akaniambia. "Lakini Songea bado mimi ni mtoto aliyekataa kumzika mama yake. Huko kanitemee wewe."

Mlango ukafungwa.

Kurudi

Alipona. Nilikaa naye siku kumi na mbili, nikilala kwenye mkeka mmoja na yule kizee, nikiwasha moto wa futari. Msidhani niligeuka malaika. Siku ya tatu nilikwisha kugombana naye juu ya chumvi. Alinishinda. Siku ya tano nilimcheka nesi miwani yake, nikamwomba radhi, nikamcheka tena. Kilichobadilika ni kidogo, na kinanikera: nikisema neno sasa, nalisikia.

Safari ya kurudi ilikuwa tope lilelile, nami nilisukuma, khanga ikachanika. Nilipofika nilikwenda kwa Paroko, nikamsimulia yote. Akauliza kama naweza kusimama kanisani niyaseme. Nikamwambia siwezi, mdomo unagoma, ila mkono utaandika. Kiti mpeni mwingine. Msimpe Mama Haule kabla hajamlipa jirani kuku hai.

Sasa msomaji asome polepole, na mtu asikohoe.

Mama yetu aliugua siku sita. Siku mbili za mwisho aliita jina moja tu, Efro, Efro, akitazama mlango. Niliwaambia kwamba nimepeleka telegramu Tunduru na kwamba jibu limekuja, Efrosina amekataa. Sikupeleka telegramu. Hakuna jibu lililokuja. Siku mliyokuwa mkimlaani pale kaburini, mdogo wangu Zuhura alikuwa shambani kwake Mbesa akipalilia, akijua kwamba ana mama.